Mstari Uliopita Shingoni: Kisa cha Picha Sita za Bahari

Mwenye nyumba alivaa miwani, akaisogeza picha dirishani penye mwanga, akaitazama kwa muda. Kisha akauliza: "Mwanangu, mbona hawa wote umewachinja?"

Picha ilikuwa ya wanawake watano wa mwani, maji yakiwafika vifundoni, wawili wana magunia kichwani. Mpigapicha alidhani mama anatania. Hakuwa anatania. Mstari wa bahari na mbingu ulikuwa umewapita wote chini ya kidevu, kuanzia aliye karibu hadi yule wa mbali kabisa, kama waliofungwa uzi mmoja.

Nimeondoa majina, jina la kijiji na tarehe, na wahusika wanajua kwamba naandika. Mimi niliitwa kazi ilipokwama. Safari ya kwanza naieleza kama nilivyosimuliwa na kama nilivyoisoma kwenye mafaili yake. Ya pili nilikuwepo, nimeshika ngazi.

## Usuli

Nyumba ya wageni iko Mji Mkongwe, Unguja: kuta nene za mawe na chokaa, dari la boriti, ngazi zinazomtaka mtu ainamishe kichwa. Mwenye nyumba aliagiza picha sita za pwani ya mashariki. Moja kubwa ya sentimita 150 kwa 100 kwa ukuta wa mapokezi. Moja ndefu na nyembamba, 180 kwa 60, ikae juu ya baraza la ndani. Nne ndogo za 60 kwa 40 kwa ajili ya ukorido wa ghorofani. Sharti lake lilikuwa moja: anataka bahari yenye watu wanaofanya kazi, hataki machweo. Machweo, alisema, yamejaa kwenye kadi za posta kila duka.

Mpigapicha ni kijana mzoefu wa harusi aliyeanza kupiga mandhari miaka miwili kabla ya hapo. Kamera yake inatoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000, na lenzi aliyoitegemea ni ya milimita 16 hadi 35. Ana stendi nzuri ya miguu mitatu. Kwenye kioo cha kamera amewasha ile mistari minne inayogawa fremu vyumba tisa, na hajaizima tangu aliponunua kamera.

Kwa wasioijua pwani ile: upande wa mashariki wa Unguja kuna mwamba wa matumbawe mbali na ufuko, na kati ya mwamba na mchanga kuna uwanda mpana wa maji ya kina kifupi. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji hupanda na kushuka sana. Bandarini Unguja tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Siku hizo maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi, uwanda unabaki wazi, na wakulima wa mwani wanashuka. Kilimo hicho cha biashara kilianza huko mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Siku za maji mafu, kama wiki moja baada ya bamvua, bahari inasogea kidogo tu na kazi ya mwani inasimama.

## Safari ya kwanza

Alikwenda Februari, kaskazi ikivuma, siku tatu. Kwa bahati ilikuwa bamvua, hakuwa ameangalia. Alipiga asubuhi mapema na saa nne, akachagua picha 24, akazipeleka kwa mteja akiwa na uhakika nazo.

Nilipozipima baadaye, upeo katika picha 19 (ule mstari wa bahari na mbingu) ulikuwa umelalia barabara mmoja wa ile mistari ya theluthi, ama wa juu ama wa chini, kama kanuni ya theluthi inavyofundisha. Nyingi ulikuwa chini, maana alifundishwa kwamba upeo wa chini unatoa "nafasi". Nafasi hiyo ilikuwa anga la kaskazi: buluu tupu, halina wingu hata moja. Theluthi mbili za picha hazikuwa na kitu cha kutazama, na wanawake wamebanwa chini kama mapambo ya ukingo.

Hilo lilionekana haraka. La shingo halikuonekana, na ndilo lililonivuta mimi kuandika.

Miguu ya stendi yake alikuwa ameifungua mara moja tu, siku ya kwanza, hadi urefu unaomfaa kuchungulia bila kuinama. Lenzi ikawa juu ya ardhi kama mita 1 na sentimita 40. Hakuigusa tena kwa siku tatu. Picha isipomridhisha alifanya alichozoea: akainamisha kamera upeo upande juu, au akaiinua upeo ushuke.

Sasa, bahari ina tabia moja ambayo watu wengi wanaoipiga hawajawahi kuambiwa. Upeo wake daima uko usawa wa jicho linaloutazama. Ukiwa uwandani na kamera iko mita 1.40, basi kila kilichosimama kwenye uwanda uleule kitakatwa na upeo kwenye mita yake ya 1.40. Mwanamke wa mita 1.60 akisimama hatua tano kutoka kwako, mstari unapita chini ya kidevu. Akisogea hatua hamsini, anakuwa mdogo kwenye picha, lakini mstari bado uko chini ya kidevu. Ukiinamisha kamera, mwanamke na upeo vinapanda pamoja. Ukiiinua, vinashuka pamoja. Shingo haiachani na mstari.

Kijana alikuwa amepiga picha zaidi ya 200, akauhamisha upeo juu na chini ndani ya fremu kila mara, na hakuwahi kuuhamisha hata kidogo juu ya miili ya wale wanawake.

## Maamuzi kabla ya kurudi

Mteja hakukataa kazi. Alichukua moja kati ya zile 24, ya watoto wanaokimbiza kaa, akasema tano zilizobaki apigiwe nyingine. Malipo ya awali yalikuwa yameishia kwenye nauli na mafuta, kwa hiyo safari ya pili ilitoka mfukoni mwa mpigapicha. Hapo ndipo aliponipigia simu.

Kabla ya kufungua ramani au ratiba ya maji, nilimpeleka Forodhani, bustani ya ufukoni hapo Mji Mkongwe, tukasimama ukingoni mbele ya bahari. Mbele yetu kulikuwa na watu wamekaa na wengine wamesimama. Nikamwambia achuchumae taratibu, jicho lisitoke kwenye mstari wa bahari. Akachuchumaa. Mstari ukateremka kwenye mwili wa mtu aliyesimama mbele yake, kutoka kichwani, kifuani, hadi kiunoni. Akasimama, ukapanda tena. Akarudia mara tatu, akacheka peke yake. Wapita njia walitutazama, lakini somo likawa limekwisha.

Tulikubaliana basi kwamba kila picha itajibu maswali mawili, na kwa mpangilio huu. Kwanza: mstari upite wapi juu ya mtu, chombo au mti? Hilo linaamuliwa na urefu wa kamera. Pili: mstari ukae wapi ndani ya fremu? Hilo linaamuliwa na kuinamisha au kuinua kamera, au kwa kukata picha baadaye. Yeye alikuwa akijibu la pili tu, na jibu lake lilikuwa limeshachorwa kwenye kioo cha kamera.

Droni ilitajwa. Inahitaji kibali na kibali kinahitaji muda, tukaiacha. Hata hivyo sidhani ingetufaa. Ukipanda sana, watu wanageuka nukta, na mama alitaka watu.

Suala la kukata picha tulilipigia hesabu kwenye karatasi ya chapati. Ukiweka kamera sawasawa, haikuinama wala kuinuka, upeo unakaa katikati kabisa ya fremu. Faida yake ni kwamba vilivyosimama wima vinabaki wima, na upeo wenyewe unabaki mnyoofu. Lenzi pana ikiachwa kwenye milimita 16 huwa na kawaida ya kuupinda mstari ulio mbali na katikati ya picha: ukiwa juu unatuna kama mgongo wa samaki, ukiwa chini unabonyea. Mstari unaopita katikati hauguswi. Lakini ukitaka kutoka hapo upate upeo kwenye theluthi ya juu kwa kukata tu, unabaki na pikseli 4500 kwa 3000, yaani umetupa karibu nusu ya picha uliyoilipia. Kwa ukuta wa mapokezi hilo lilikuwa kubwa mno. Kwa ile picha ndefu ya 180 kwa 60 haikuwa hasara hata kidogo: ukanda wa 6000 kwa 2000 unaukata popote ndani ya fremu, upeo ukae utakapo. Tukaamua picha ndefu ipigwe kamera ikiwa sawa, ile kubwa ipigwe kwa kuinamisha.

La mwisho lilikuwa majira. Tulingoja mwisho wa Machi, maleleji, kaskazi imechoka na kusi haijaanza, mawingu ya masika yanajikusanya. Siku tatu za bamvua kwa ajili ya mwani, halafu turudi tena siku mbili za maji mafu kwa ajili ya utulivu.

## Safari ya pili

Picha kubwa. Tulishuka uwandani saa tatu na nusu asubuhi. Kijana aliwaamkia wakubwa, akaeleza picha zinakwenda wapi, akaomba ruhusa upya. Mmoja wao alimkumbuka. "Wewe si ndiye wa juzi? Bahari yote hii hujaimaliza?"

Alianza chini. Akakunja miguu ya stendi hadi lenzi ikawa sentimita 40 juu ya maji. Mstari ukashuka hadi magotini mwao, na miili ikapanda ikasimama juu ya mawingu. Zilikuwa picha za fahari kweli, watu wamekuwa kama minara. Alipowaonyesha, yule yule wa kwanza akasema, "Ee, leo nimekuwa mrefu."

Kitu kilichopotea ni shamba. Ukiwa chini kiasi hicho, uwanda wote unajikunja na kuwa ukanda mwembamba. Kamba za mwani na vigingi vyake, ambavyo kwa macho vinajipanga kama matuta ya bustani, vilikuwa michirizi miwili mitatu tu.

Kwa hiyo ngazi. Tuliazima ngazi ya kukunja kwa fundi rangi, tukaweka mbao mbili chini ya miguu yake isizame, nami nikaikumbatia. Yeye akapanda vidato vitatu, lenzi ikawa kama mita 2.30. Sasa mstari ulipita juu ya vichwa vyote, na hata mwenye gunia alibaki chini yake. Kila kichwa kilikuwa na maji nyuma yake, kimejitenga, kinasomeka. Kamba zilijitandaza hadi mbali, na kule mwishoni kitu kipya kikatokea: povu la mwambani. Kutoka chini lilikuwa limegandana na upeo kama doa. Kutoka ngazini likajitenga, mstari mweupe chini ya mstari wa buluu.

Akiwa kwenye milimita 35 aliinamisha kamera kama digrii 13, upeo ukapanda hadi sehemu ya sita ya fremu kutoka juu. Nilimwambia aache ukanda huo mwembamba wa anga kwa sababu ulikuwa na vichwa vya mawingu ya masika vinavyochungulia. Ushauri huo utanirudia baadaye.

Mama alipowekewa mbili, ya chini na ya juu, alichukua ya juu bila kusita. Kijana aliumia kidogo. Aliipenda ya chini. Mimi niko na mama. Ya chini ilikuwa picha ya anga yenye watu, na ya juu inaonyesha kazi ya mwani.

Picha ndefu. Maji mafu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, hakuna upepo. Ngalawa moja imetia nanga, ndubi zake mbili zimegusa maji yasiyotikisika, na mawingu yako mara mbili, juu na chini. Hapa upeo ulikwenda katikati kabisa. Kila aliyefundishwa theluthi anaogopa katikati, eti inakata picha vipande viwili. Lakini pale vipande viwili ndiyo habari yenyewe: mbingu na kivuli chake vina uzito sawa, na ukisogeza mstari unakata mawingu ya upande mmoja ambayo upande wa pili yapo.

Shida ilikuwa ngalawa. Kijana, akiwa bado na furaha ya kuchuchumaa, aliweka kamera chini sana. Ukingo wa juu wa ngalawa ukalala sawia juu ya mstari wa bahari, vikawa kitu kimoja. Huoni ngalawa inapoishia. Akapandisha miguu ya stendi hadi mita 1.20. Mstari ukapanda, ngalawa nzima ikabaki ndani ya maji na kivuli chake, na mlingoti peke yake ukavuka kwenda mbinguni. Sentimita zisizofika 70 za kupandisha stendi. Kwenye kioo kidogo cha kamera tofauti hiyo karibu haionekani. Ukutani ndiyo inayoifanya ngalawa ielee.

Zile ndogo. Mbili zilipatikana bila hadithi ndefu: wavuvi wanaosukuma dau, upeo theluthi ya juu, na mawingu ya mvua juu ya mwamba, upeo chini kabisa, sehemu ya saba ya fremu. Theluthi ilifanya kazi pale ilipofaa, na sina ugomvi nayo. Aliyeiandika kwa jina hilo, mchoraji Mwingereza John Thomas Smith, mwaka 1797, alikuwa akizungumzia uchoraji wa mandhari, na mchoraji anaweka jicho lake urefu wowote bila kuazima ngazi.

Ya tatu ilikuwa ya mvua. Ilinyesha ghafla, bahari na mbingu zikawa rangi moja ya kijivu, upeo ukafutika, na ngalawa ikabaki inaning'inia hewani. Sisi wawili tuliona ndiyo picha bora ya safari nzima.

Kuinama kwa bahari. Hili halikuwa kwenye mpango. Picha za wavuvi zilikuwa tatu nzuri, na zote tatu bahari ilikuwa imelala upande, kama maji yatamwagika kulia. Kamera ina pimamaji ya ndani, na kijana aliapa aliiangalia. Aliiangalia kweli, kabla ya picha ya kwanza. Lakini alisimama pale wimbi linaporudi, na kila likirudi linachota mchanga chini ya mguu mmoja wa stendi. Nilikwenda kuangalia alama zake: shimo la mguu wa kulia lilikuwa na kina cha vidole vinne, la kushoto kidole kimoja. Stendi ilikuwa inazama huku akipiga.

Digrii 1 ya kuinama kwenye upana wa pikseli 6000 ni tofauti ya pikseli 105 kutoka pembe hadi pembe. Kwenye chapa ya sentimita 150 hiyo ni zaidi ya sentimita 2 na nusu, na jicho halihitaji rula kuiona. Kuinyoosha kunawezekana, ila kuna gharama: kuzungusha digrii 1 na kubaki na umbo lilelile la fremu kunakula kama asilimia 5 ya eneo la picha, digrii 2 zinakula karibu asilimia 10. Kwa mvuvi aliyekuwa ukingoni mwa fremu, asilimia 10 ilikuwa mkono wake.

Akaongeza kosa juu ya kosa. Aliiachia programu inyooshe yenyewe. Programu ikatafuta mstari mrefu ulio wazi zaidi, ikakuta ule wa mchanga na maji, ikaunyoosha huo. Ufuko unaokimbia kwenda mbali hauna haja ya kuwa sawa kwenye picha. Unainama kwa sababu unakwenda mbali. Bahari ndiyo iliyo sawa. Matokeo yake ufuko ulinyooka na bahari ikazidi kupinda. Tuliifuta kazi ya programu, tukavuta gridi juu ya upeo kwa mkono.

## Matokeo

Mama alikubali ile kubwa, ile ndefu na mbili ndogo. Pamoja na ya watoto na kaa zikawa tano. Ya mvua aliikataa. Aliitazama sana, kwa heshima, kisha akauliza, "Na bahari iko wapi hapa?" Hatukuwa na jibu ambalo lingemtosha mtu aliyeagiza bahari. Nafasi yake ilichukuliwa na picha nyingine ya wavuvi. Ya mvua iko kwa kijana nyumbani.

Chapa ya kwanza ya picha kubwa iliharibika. Duka la kuchapisha lilichapa kwenye kanvasi sentimita 150 kwa 100 kama tulivyoagiza, kisha likaikunja sentimita 4 kila upande kuzunguka mbao za fremu, kama wanavyofanya kila siku. Anga letu lilikuwa sentimita 17. Likabaki kama 13, na vichwa vya mawingu vikawa vimekunjwa nyuma ya mbao. Upeo ukaonekana umebanwa na dari. Ilibidi ichapwe upya, safari hii kingo zimeongezwa kwa kurudisha picha kinyume kama kivuli cha kioo, ili kinachokunjwa kisiwe picha yenyewe. Gharama tuligawana mimi na mpigapicha, maana ukanda mwembamba wa anga nilioutaka ni mimi.

Siku ya kutundika, fundi aliiweka kwa pimamaji, kiputo katikati kabisa. Akarudi nyuma. Sote tukaona bahari imeinama. Boriti za dari la mapokezi zinashuka kuelekea upande wa barabarani. Nyumba imekaa hivyo kwa vizazi na hakuna anayeona. Lakini upeo ulio karibu sana na ukingo wa juu wa picha, nayo picha iko karibu na dari, ukawa rula ya kuipimia nyumba. Fundi akaweka pimamaji mfukoni, akasogeza pembe moja kidogo kidogo huku mama akimwelekeza kutoka mlangoni, "Bado... bado... basi hapo." Si sawa kwa kiputo wala si sawa na boriti. Iko kati yake, na inakaa.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kutenganisha maswali mawili. Baada ya Forodhani kijana hakuhitaji kuambiwa aweke upeo wapi. Alikuwa anajiuliza mwenyewe mstari unamkata nani, kisha anakunja magoti au anaomba ngazi. Ukiwa na simu, hesabu ni ileile, na simu ni rahisi zaidi kuishusha hadi usawa wa maji. Ningependa kila anayefundisha mandhari aanze hapo kabla ya kutaja theluthi.

Ratiba ya maji nayo ilistahili kuwa ya kwanza. Safari ya Februari ilipata wanawake wa mwani kwa bahati. Angekwenda wiki moja baadaye angepata maji ya kiunoni na ufuko mtupu, na picha ndefu isingewezekana kamwe siku za bamvua, maji yanapokimbia kama mto kupitia milango ya mwamba.

Kulegea kwa stendi mchangani ni kosa la mazoea ya harusini, ambako sakafu haiondoki. Dawa yake ni kuisukuma miguu ya stendi hadi ikatae kushuka, na kuiangalia pimamaji kila wimbi linaporudi, si mara moja.

Kuhusu chapa, kosa lilikuwa la kutouliza. Tuliamua mahali pa upeo kwa pikseli wakati mteja atauona kwenye mbao. Upeo ulio katikati au kwenye theluthi unavumilia sentimita 4 zikipotea. Ulio karibu na ukingo hauvumilii. Kadiri unavyousogeza mstari pembeni, ndivyo unavyotakiwa kujua mapema picha itakunjwa, itakatwa au itawekwa fremu vipi.

Lingine tulilibaini kwenye ukorido, na sikuwa nimelifikiria kabisa. Zile nne ndogo zilitundikwa kwa safu, fremu zote kimo kimoja. Ya kwanza upeo uko theluthi ya juu, ya pili uko chini kabisa, ya tatu kati, ya nne juu tena. Ukipita ukorido ule, bahari ilikuwa inapanda na kushuka kama ngazi, na kila picha ikaonekana inaibishia jirani yake. Tukajaribu kuzitundika ili upeo wote uwe mstari mmoja ukutani. Bahari ikatulia, lakini fremu zikawa moja juu moja chini, na mama akasema nyumba yake inaonekana kama imetundikwa na watoto. Tulikuwa tumeuweka upeo kwa uangalifu ndani ya kila picha peke yake, na hakuna hata siku moja tuliyoziweka nne pamoja mezani kabla ya kuchapa. Zingekuwa za safu kweli, zingepigwa kwa upeo wa kimo kimoja, au zingechaguliwa hivyo.

Leo ziko kwenye vyumba vinne tofauti, moja kila chumba. Kwenye ukorido mama ametundika kioo.